Mke Wangu Ameondoa Soketi Yake ili Yangu Ipite

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa ndiyo siku ya kikao, na kikao kikishapita sidhani kama hata wewe utaweza kuniokoa, na nakuomba radhi mapema kwa sababu nitakueleza mambo ya kazini ambayo huenda yakakuchosha, lakini bila hayo hutaelewa kwa nini mtu mzima mwenye mke mzuri na afya njema amekaa ndani ya gari nje ya ofisi yake anaandika barua badala ya kuingia kazini kama wenzake.

Mimi na mke wangu tunafanya kazi ofisi moja. Tunatengeneza programu ya kupanga zamu za wauguzi hospitalini. Mimi nilitangulia, yeye akaja baadaye, na tulikuwa tumeshaoana, kwa hiyo usidhani ni yale mambo ya kupendana kwenye ngazi za ofisi. Kupanga zamu ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, huyu hawezi usiku, yule ananyonyesha, huyu akitoka usiku asiingie asubuhi yake, wodi ya wazazi haiwezi kukaa bila mkunga, na ukimridhisha mmoja umeshamuudhi mwingine, kwa hiyo kompyuta haipati jibu kwa mkupuo. Inaanza na ratiba yoyote ile, hata mbovu, halafu inaibadilisha kidogo, ikiona imekuwa nzuri zaidi inaishika hiyo, ikiona imeharibika inarudi nyuma na kujaribu lingine, hivyo hivyo mpaka ipatikane ratiba ambayo watu wanaweza kuishi nayo.

Kile kijiprogramu kinachofanya badiliko lenyewe, tuseme kubadilishana zamu za wauguzi wawili, sisi tunakiita mpanguaji. Wapanguaji wako wa aina nyingi na mwenzetu yeyote anaweza kuandika wa kwake. Sasa ili mpanguaji wa mtu yeyote aweze kuchomekwa kwenye programu kubwa na kufanya kazi, lazima kuwe na makubaliano, atapewa nini, ataulizwa nini, naye atarudisha nini. Makubaliano hayo ofisini tunayaita soketi, kwa sababu ni kama ile ya ukutani, birika na pasi na redio havijuani lakini vyote vinaingia.

Soketi iliyopo ni yangu. Niliitengeneza mwenyewe tangu ofisi ilipoanza na niliiwazia sana, maana sikutaka siku moja aje mtu na mpanguaji ambaye soketi yangu haikumtegemea, kwa hiyo nikaweka mahali pa kila kitu. Mpanguaji kabla hajafanya lolote anatakiwa aseme anagusa wodi zipi, anagusa vyeo vipi, anafaa mwezi mfupi au mrefu, anaweza kuzuiwa katikati au hawezi, hata hali ya hewa nimeiwekea nafasi, kwa sababu niliwaza huenda siku moja mtu atataka kupanga zamu kwa kuangalia mvua. Mpaka leo hajatokea. Ofisini wananiita Bwana Kwanza, kwa sababu mtu akiniletea wazo namwambia kwanza nieleze hiki, kwanza nieleze kile, nami sichukii, naona ni utani wa watu wanaojua kwamba niko makini. Baada ya muda wenzangu wakaacha kuandika wapanguaji wapya, wakawa wanatumia wale wale wa zamani, nami nikadhani wameridhika.

Nyumbani vilevile mimi si mwanaume wa kupiga meza. Mke wangu akiwa na neno nalisikiliza, nauliza maswali tu kama mtu anayejali. Majuzi alitaka tuhamishe kabati la vyombo tulipeleke upande wa dirisha, nikamuuliza kwanza amepima, na jua la mchana halitapausha mbao, na nani atabeba, na likikataa kukaa tutalirudishaje, akasema basi, liache. Alipotaka kwenda kukaa kidogo kwa mama yake ikawa hivyo hivyo, nilimuuliza tu, atakwenda na nani, atarudi lini, mtoto shule itakuwaje, akasema basi. Hatugombani. Nakueleza haya ili ujue nyumba yetu ni ya amani na tatizo langu si la ugomvi.

Tatizo lenyewe lilianza Jumamosi moja asubuhi tukianika nguo nyuma ya nyumba, mimi nakamua, yeye anabana. Kazini alikuwa amelalamika kwamba programu yetu ni nzito, nami nikamwambia uzito ni wa hospitali yenyewe, wauguzi ni wengi. Halafu akachukua vibanio vya rangi rangi akavipanga kwenye kipande cha kamba kilichobaki wazi.

"Hawa ni wauguzi wako," akaniambia. "Hiki chekundu kiko zamu ya usiku. Haya, wewe ni mpanguaji. Boresha."

Nikakichomoa chekundu nikakipeleka mwisho wa kamba, na ili kipate nafasi nikasogeza na viwili vya bluu.

"Mimi naona umeharibu," akasema. "Rudisha kama ilivyokuwa."

Mshauri, nilisimama pale na kibanio mkononi. Vile vya bluu sikukumbuka vilikaa wapi, na vibanio vyenyewe havikujaza hata kiganja.

"Sasa ndiyo maana programu ni nzito," akasema. "Kila mpanguaji anagusa ratiba. Kwa hiyo kabla hajagusa tunalazimika kunakili ratiba nzima, hospitali nzima, ili tuwe na pa kurudi. Akiharibu tunatupa, tunanakili tena. Mimi nimeandika soketi nyingine. Kwenye yangu mpanguaji haruhusiwi kugusa. Anasema tu."

"Anasema nini?"

"Anasema, naomba chekundu kiende pale. Basi. Sisi tunapiga hesabu, kikienda pale tunapata nini na tunapoteza nini. Ikifaa, tunahamisha wenyewe. Isipofaa, hakuna cha kurudisha, maana hakuna kilichoguswa. Na anayeandika mpanguaji hatumuulizi habari za wodi wala za mvua. Alete neno lake aende zake."

Nilitamani kukaa chini pale pale kwenye majani mabichi. Miaka yote nilikuwa naongeza maswali ili soketi yangu ipokee kila mtu, kumbe njia ya kupokea kila mtu ni kuyaondoa, na aliyeona ni huyu huyu niliyekuwa nampokeza shuka akazibana. Nampenda mke wangu tangu zamani, lakini siku ile nilimheshimu kwa namna ambayo sijawahi kumheshimu mtu wa kazi yangu. Kwa furaha nikaanza kumuuliza, kwanza wapanguaji wa zamani tutawafanyaje, kwanza itakuwaje mmoja akitaka kusema mambo mawili kwa pamoja, kwanza na mtu akija na ile ya mvua, naye akanijibu yote huku anabana mashati, mpaka beseni likawa tupu akaingia ndani.

Haikuishia hapo. Wiki ile metroni wa hospitali alikuja ofisini kuona kazi inavyokwenda, na akiwa ameketi pale akapigiwa simu kwamba muuguzi wake mmoja ameteguka mguu bafuni. Programu yenye soketi yangu ingemrudishia ratiba mpya baada ya chakula cha mchana. Mke wangu akamwambia, "Subiri kidogo, dada," akafungua kompyuta yake, na metroni alikuwa bado anakoroga chai ratiba ikatoka. Akaisoma mwanzo mpaka mwisho kwa kidole. Akasema, "Hii mbona haijawavuruga wengine? Kila mtu yuko alipokuwa, ila wawili tu." Bosi wetu alikuwa amesimama mlangoni anasikia.

Basi bosi akaamua. Programu inakwenda kutumika hospitali nyingine nyingi, na watu wa ofisi za huko nao wataandika wapanguaji wao, kwa hiyo Ijumaa tuchague soketi moja, ya mume au ya mke, na mwenye soketi ndiye atakayekuwa kiongozi wa timu. Akasisitiza kwamba ikishachaguliwa haibadilishwi tena, na hapo ana haki, maana watu wakishanunua plagi zao huwezi kuja kubadilisha matundu ya ukutani. Uongozi huo mimi nimeungoja tangu ofisi ikiwa na viti viwili na feni mbovu.

Jumanne bosi akaniita karibu na mashine ya kunakili, akanipa mkono. "Hongera, Bwana Kwanza. Mkeo kaondoa yake. Anasema yako inatosha, tusisumbuane."

Nitakuwa mkweli kwako, nilifurahi. Furaha ile ilinikaa mpaka nilipofika mezani kwangu nikamwona mke wangu upande wa pili ameinamia kazi, anaandika mpanguaji kwa ajili ya soketi yangu, anajibu yale maswali yangu yote moja baada ya jingine, mpaka la mvua, na hapo furaha yangu ikaingia mchanga.

Jioni nilimkuta jikoni anamenya vitunguu. Nikamwambia nimesikia habari, kwanza mbona hukuniambia, kwanza bosi atatuelewaje, kwanza metroni ameshaiona ya kwako tutamwambia nini. Akaendelea kumenya. Akasema, "Basi, yaishe. Tule." Nikaelewa kwamba amenisitiri, ameamua kuilinda heshima yangu mbele ya wenzangu, na nikashindwa hata kula vizuri.

Nikamwendea kaka yangu mkubwa, ambaye ni fundi wa majokofu na ameishi na shemeji yangu miaka mingi bila kelele. Akanisikiliza akiwa amelala chini ya jokofu, miguu tu ndiyo inaonekana, akasema, "Mkeo ana akili. Kakuachia, pokea. Mwanaume kuamrishwa na mkewe nyumbani ni siri yenu. Kazini ni tangazo." Kisha akaniomba nimpitishie bisibisi.

Sasa mshauri, nifanyeje? Nikinyamaza Ijumaa nitakuwa kiongozi, na kile kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona katika kazi hii kitafutika bila mtu kukijua, na wauguzi wa hospitali zote hizo watangoja ratiba mpaka baada ya chakula cha mchana kwa sababu yangu. Nikisimama nikasema ukweli nitakuwa nimeitupa zawadi aliyonipa mke wangu, huenda nikamwaibisha, na Jumatatu naingia kazini kupokea maagizo kwake mbele ya watu ambao niliwafundisha kazi. Nashindwa kulala, nashindwa kumtazama, na kila nikipita kwenye kamba ya nguo naviona vile vibanio. Nijibu upesi, tafadhali.

Ni mimi Bwana Kwanza.


MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Kwanza, maana neno hilo sasa umeniambukiza, shuka kwenye gari uingie kazini.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara moja nikifuata habari za kompyuta na mara moja nikifuata habari za mkeo. Mimi kompyuta naijua pa kuiwashia na pa kuizimia. Lakini vibanio navijua, na sikutaka kukujibu kwa kubahatisha, kwa hiyo nilikwenda kwenye kamba yangu mwenyewe nikahamisha vichache halafu nikajaribu kuvirudisha. Nilishindwa. Mume wangu akatoka kuuliza nimepoteza nini. Huyo mkeo ni hodari, nami namvulia kilemba, na si kwa sababu ameolewa na mtu aliyeniandikia barua.

Nawe nikupe haki yako kabla sijakugeukia. Waume wengi wanaoniandikia wananiletea makosa ya wake zao, chumvi imezidi, simu haipokelewi, ndugu zake hawaondoki. Wewe umenijazia kurasa kwa sifa. Umeona kazi iliyokushinda, ukaitambua, ukaipenda, ingawa ilikuja kukupokonya kiti ulichokingoja. Watu wa namna hiyo si wengi. Nimekuheshimu, na ninayoyasema sasa nayasema nikiwa na heshima hiyo mkononi.

Unasema mkeo amekusitiri. Nani amekuambia? Nimetafuta kwenye barua yako mahali aliposema hivyo, sikupaona. Alichosema kwa bosi ni kwamba yako inatosha, msisumbuane. Alichosema kwako ni "basi, yaishe". Hayo mengine ya heshima na zawadi umeyajaza mwenyewe. Huenda ni kweli kakusitiri. Huenda amechoka tu. Mimi sijui, wala wewe hujui, kwa sababu ulipomkuta na vitunguu vyake ulimuuliza ya bosi, ukamuuliza ya metroni, ukamuuliza mbona hakukuambia, na lile moja la kwa nini ameiondoa halikukutoka. Mtu mwenye maswali kama wewe.

Rudi uisome barua yako uone mkeo anasema nini ndani yake. Alitaka kabati lihame, akasema basi. Alitaka kwenda kwa mama yake, akasema basi. Ametengeneza kitu kizuri mpaka mumewe akatamani kukaa kwenye majani, na hapo pia amesema basi. Na wenzako kazini waliacha kuandika wapanguaji, wewe ukadhani wameridhika. Hawakuridhika, mwanangu. Walichoka kuulizwa habari za mvua. Mkeo naye hivyo hivyo, ila wao wanarudi makwao jioni, yeye anarudi na wewe.

Kwa hiyo ile soketi yako haiko ofisini peke yake. Iko sebuleni kwako, iko jikoni. Mtu analeta neno lake moja, nawe unamwekea foleni ya maswali mlangoni, kwa sauti ya upole, tena kwa moyo safi, na kwa sababu hupigi meza unaita hiyo ni amani. Kule kwenye kamba alikuwa anakufundisha jinsi ya kumpokea mtu, na jibu lako likawa "kwanza". Nakukaripia kwa hilo tu. Mengine yote katika barua hii ni ya mtu mwema.

Kaka yako msalimie. Ni fundi mzuri bila shaka, na jokofu langu likiharibika nitaomba namba yake, lakini hapa mwache alipo, chini ya jokofu. Kuamrishwa na anayejua ndiyo kazi yenyewe, hata kama anayejua unalala naye kitanda kimoja. Kazini utamwita kwa cheo chake, nyumbani utamwita unavyomwita siku zote, na wale uliowafundisha watakutazama usoni kuona unavyolichukua jambo hilo. Ukilichukua vizuri nao watalichukua vizuri. Watu hawana nguvu ya kucheka jambo ambalo mwenyewe halimuumi.

Sasa la kufanya. Najua unachofikiria, kusimama Ijumaa ghafla kikaoni utangaze kwamba ya mkeo ndiyo bora, watu wapige makofi, yeye alie. Usithubutu. Aliyeiondoa ni yeye, na wa kuirudisha ni yeye. Ukisimama hivyo bila yeye kujua utakuwa umeshika kibanio kabla ya kusema unataka kukipeleka wapi, na hukumbuki mwisho wake ulikuwaje? Mkeo kakupa kanuni nzuri, itumie kwake.

Leo jioni mkute mahali palipotulia. Fanya maneno yako yawe mafupi kuliko barua hii, maana hii ilikuwa ndefu. Mwambie: soketi yako ni bora kuliko yangu, naomba uirudishe Ijumaa, na ukikubali nitakuwa wa mbele kuiunga mkono. Halafu funga mdomo. Swali ninalokuruhusu ni lile moja tu, kwa nini uliiondoa, na ukishaliuliza usiongeze jingine mpaka amalize kusema, hata akichukua muda, hata akinyamaza katikati, hata akisema jambo litakalokuuma. Hasa akisema jambo litakalokuuma. Jibu lake usilipangue.

Akikubali, nenda naye kikaoni, na ukipewa nafasi eleza kwa ufundi wako wote kwa nini ya kwake ni bora. Nani ataielezea kuliko wewe? Umenielezea mimi nisiyejua kitu nikaelewa. Sema "mwenzetu", usiseme "mke wangu", ili pasiwe na mtu wa kudhani ni mapenzi yanasema. Wala usije ukathubutu, mwezi huu wala miaka ijayo, kumwambia mtu kwamba wewe ndiye uliyemwachia. Hukumwachia. Alikushinda kwa haki, na umebahatika kushindwa na mtu wa nyumbani mwako.

Akikataa, kubali. Hakuna kilichoharibika, umesema tu, na kesho yake unaweza kusema tena kwa adabu. Lakini hapo mwendee bosi, umwombe kikao kiahirishwe, umwambie wazi kwamba kwa upande wako hujaridhika na soketi yako mwenyewe. Hilo ni lako kusema, haligusi la mtu mwingine. Uongozi uliopatikana kwa sababu mwenzako kachoka kujibu hutaufurahia, na umeshaonja mchanga wake.

Nina hakika kidogo kwamba atakubali. Mtu asiyejali haanzi kupanga vibanio kwenye kamba na nguo zimelowa ndani ya beseni. Alikuwa anataka wewe ndiye uone, kabla ya bosi, kabla ya metroni. Nawe uliona. Kilichobaki ni ajue kwamba uliona, maana mpaka sasa sifa zake zote umeniambia mimi.

Mkishamaliza hayo, bado pana jambo moja ambalo alilisema akakatishwa. Muulize kama lile kabati bado analitaka upande wa dirisha. Akisema ndiyo, wewe shika upande mzito.